Alps Peke Yako Katikati ya Baridi: Zermatt, Chamonix, St. Anton au Zell am See?

Safari yangu ya kwanza ya skii bila mwenzangu niliichagua kwa kilomita. Nilipanga vituo kwenye karatasi: hiki kina njia za kilomita 300, kile 360, kile 600. Kilichoshinda kilikuwa kikubwa kweli kweli, na mchana sikujuta hata kidogo. Ila ilipofika saa kumi na nusu jioni lifti za kupandisha watu mlimani zilisimama, mwanga ukakatika kama umeme wa mgao, nami nikarudi kwenye studio iliyojengwa kwa ajili ya watu wanne. Nikala tambi nimesimama, buti zikikauka mbele ya hita, macho kwenye vitanda vitatu vitupu ambavyo nilikuwa nimevilipia. Siku ya nne nilijikuta naongea na friji.

Ndiyo maana ulinganisho huu nauanzia jioni. Mlima utakutumia saa sita, ukijitahidi saba. Zinazobaki ni za mji, na katikati ya Januari jua la Alps linazama kwenye saa kumi na moja. Anayekwenda na marafiki anaubeba mji wake mfukoni. Wewe wa peke yako utaukuta ulivyo.

Nijitambulishe kidogo ili ujue unasikiliza nani. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, naishi Munich, nilivaa skii mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Njia nyekundu, zile za wastani, nashuka bila wasiwasi; nyeusi, zile ngumu kabisa, nashuka kwa maombi. Vituo vinne ninavyovilinganisha ni Zermatt ya Uswisi, Chamonix ya Ufaransa, na St. Anton pamoja na Zell am See, vyote viwili vya Austria. Nitapita pia Val Thorens, kwa sababu kila anayetaja Januari anaambiwa aende huko.

Kwa nini Januari

Kwetu mwezi huu tunauita Njaanuari: ada za shule, kodi ya nyumba, na Krismasi imeshakula kila kitu. Wenye hoteli wa nchi zinazosema Kijerumani nao wana neno lao, Januarloch, yaani shimo la Januari. Wageni wa mwaka mpya wanaondoka ikipita tarehe 6, sikukuu ya Mamajusi, na likizo za shule za Februari hazijaanza. Katika wiki hizo tatu hivi bei za vyumba hushuka, mistari ya lifti hupungua, na mwenye hoteli ambaye Desemba hakutaka hata kusikia habari za mgeni mmoja sasa anajibu ujumbe siku hiyo hiyo. Unayalipia kwa baridi: juu mlimani nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na ukiongeza upepo shavu linakufa ganzi kabla hujafika juu.

Kama unasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi, viza ya Schengen inafunika nchi zote tatu, Uswisi ikiwemo. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na maombi unapeleka kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo amua mji kwanza, viza baadaye. Bima ya viza hutakiwa ifike angalau euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: nyingi hazigusi ajali za skii wala helikopta ya uokoaji. Inunue bima inayotaja skii kwa jina. Hapa usijaribu kubana matumizi.

Kufika na mabegi yako mwenyewe

Hapa St. Anton inawaacha wenzake mbali. Treni za kimataifa zinazopita kati ya Zürich, Innsbruck na Vienna zinasimama katikati ya mji, na lifti ya Galzig iko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kutoka Zürich ni kama saa mbili na nusu. Reli yenyewe ilihamishwa pembeni kwa ajili ya mashindano ya dunia ya 2001, ndiyo maana stesheni ni mpya wakati tundu la reli chini ya mlima Arlberg limekuwepo tangu 1884. Kwa mtu mwenye begi moja la nguo na jingine la buti, asiye na wa kumlindia mizigo akienda msalani, haya si mambo madogo.

Zell am See inafuata kwa karibu. Stesheni iko kando ya ziwa, Salzburg ni kama saa moja na nusu na ushee, na gari la waya linaloitwa cityXpress linaondokea mjini kwenda mlima Schmittenhöhe.

Zermatt ni mbali zaidi, lakini sijaona mwisho wa safari mzuri kama ule. Unabadili treni Visp, unapanda bonde kwa saa moja na kidogo, unashuka kwenye mji usio na magari ya petroli. Visanduku vya umeme vinateleza kimya kwenye barabara za theluji, na ukisahau kugeuka nyuma vinaweza kukugonga kwa adabu. Ubaya wake ni kwamba mlango ni mmoja. Januari 2018 theluji ilifunga reli na barabara kwa hofu ya maporomoko, wageni wapatao 13,000 wakabaki ndani. Hawakuwa na njaa, lakini waliokuwa na ndege za kesho yake walijua hawajui. Ukichagua Zermatt, acha siku moja tupu kabla ya ndege yako.

Chamonix ni rahisi kwa anayetua Geneva: basi kutoka uwanjani huchukua kama saa moja na nusu.

Kulala: bei ya kichwa au bei ya nyumba

Hiki ndicho kitu ambacho karatasi yangu ya kilomita haikunionyesha. Austria, chumba kwa kawaida hutajwa kwa bei ya mtu mmoja kwa usiku, na nyumba nyingi za wageni za familia, zinazoitwa Pension, bado zina vyumba vya kitanda kimoja, vidogo, dirisha moja, msalaba ukutani. Ufaransa, kwenye vituo vilivyojengwa kwa ajili ya skii, kinachouzwa ni nyumba: studio ya wanne, Jumamosi hadi Jumamosi. Ukienda wanne ni nafuu kuliko Austria. Ukienda mmoja unawalipia wenzako watatu ambao hukuwaleta.

Val Thorens iko hivyo. Ni mita 2,300 juu ya bahari, kituo cha juu kuliko vyote Ulaya, theluji ya uhakika, na kimefungamana na mabonde yenye njia za kilomita 600. Lakini hakuna mti hata mmoja. Siku ya mawingu ya Januari, ardhi na anga vinakuwa rangi moja na hujui unapanda au unashuka. Jioni kila mlango una familia yake au kundi lake. Kuna njia moja ya kuukwepa upweke huo: UCPA, shirika la Kifaransa lenye mabweni kule, ambako unalipia mara moja kitanda, chakula, vifaa na mwalimu, unapangiwa chumba na wageni wenzako waliokuja mmoja mmoja. Ukiwa na miaka 25 na hujali kulala chumba kimoja na mtu anayekoroma kwa Kifaransa, pengine hilo ndilo jibu lako na huhitaji kusoma zaidi. Chamonix nao wapo.

Chamonix yenyewe si kituo kilichojengwa kwa skii. Ni mji wa watu, wenye shule, duka la dawa, wazee wanaobishana nje ya duka la mkate. Hosteli na hoteli ndogo zipo za kutosha. Zermatt ina hosteli ya vijana ambayo haimfukuzi mtu mwenye mvi, na bila hiyo nisingeweza kuitaja Zermatt kwenye ukurasa huu. Hoteli zake zinakula mshahara.

Kula, au meza inakupokea vipi

Usiku wangu wa kwanza Zermatt niliingia mgahawa mdogo wenye harufu ya jibini iliyoyeyuka, harufu inayokufuata hadi kwenye koti kwa siku tatu. Nikaomba fondue. Mhudumu akanionyesha kidole kwenye menyu, kwa upole: kuanzia watu wawili. Ni sufuria moja, moto mmoja, jibini ya kutosha wawili, na wapishi wengi wa Uswisi na wa Savoy, Ufaransa, hawaipiki kwa mmoja. Nilikula supu. Baadaye ndipo nikajua cha kuagiza ni raclette: jibini inakwanguliwa kwenye sahani yako mwenyewe, na viazi na matango ya siki pembeni, na mtu mmoja anaruhusiwa kuwa mtu mmoja.

Chamonix ina fondue ile ile na sharti lile lile, lakini mji una njia nyingi za kutokea. Baa zenye kaunta, mikate, vyakula vya nchi nyingine, maduka makubwa. Unaweza kula vizuri kila usiku bila mtu kukuuliza kama unamsubiri mwenzako. Pia unaweza kukaa wiki nzima bila kuongea na mtu zaidi ya kusema asante. Mji umezoea watu wa peke yao kiasi kwamba hauwaoni tena.

Austria ni habari nyingine, na hapa nakiri upendeleo wangu.

Kwanza kuna kibanda cha mlimani mchana. Meza ni ndefu, za mbao, mabenchi bila mgongo. Hakuna anayesubiri meza tupu, maana haipo. Unasimama na trei yako ya supu, theluji ikikuchuruzika magotini, unauliza: Ist da noch frei? Yaani, bado kuna nafasi? Watu watano wanasogea bila kusimamisha mazungumzo yao, na pengo la upana wa makalio yako linatokea. Watu wa Tirol, jimbo la St. Anton, husema kwamba kuanzia mita 1,000 kila mtu ni du, yaani wewe wa kawaida, si ule wewe wa heshima. Mimi niliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo kabla ya kumwangalia usoni, kuitwa du na mzee wa miaka 70 nikatakiwa nimjibu du, ilinichukua siku mbili kuzoea. Mmoja wao, aliposikia natoka Afrika Mashariki, alisema kwa furaha: Simader! Alimkusudia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, ambaye 2018 huko Pyeongchang alikuwa wa kwanza kuiwakilisha Kenya Olimpiki katika skii ya mteremko. Nilimweleza mimi ni Mtanzania. Akasema si kitu, jirani. Sifa za jirani nikazipokea.

Pili kuna Halbpension, yaani chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, kwa saa maalumu, kwenye meza ambayo ni yako wiki nzima, namba ya chumba imeandikwa kwenye kikaratasi. Kwa walio wengi ni mpango wa chakula tu. Kwa aliye peke yake ni zaidi ya hapo. Siku moja ya upepo nilikuwa upande wa Lech, lifti ya Flexen iliyounganisha pande mbili za Arlberg tangu 2016 ikafungwa, nikarudi St. Anton kwa basi, nimechelewa saa nzima. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Supu yangu ilikuwa imefunikwa kwa sahani nyingine. Hakusema neno, alinitazama miguu yote miwili kama anaihesabu, kisha akaenda kupasha supu.

Kwa msomaji asiyekula nguruwe: Tirol humtia nguruwe kila mahali, hasa Speck, nyama iliyokaushwa kwa moshi ambayo hujificha ndani ya madonge ya mkate na juu ya viazi vya kukaanga. Omba madonge ya jibini, Kaspressknödel, na uulize mchuzi ni wa nini. Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa na kunyunyiziwa sukari, ni salama isipokuwa zabibu kavu, ambazo wapishi wengi huzilowesha kwenye ramu. Kinywaji cha moto bila kilevi huitwa Kinderpunsch. Jina ni la watoto, usione haya. Zell am See ndiyo rahisi zaidi katika hili: kiangazi hujaa wageni wa kutoka nchi za Ghuba, na menyu za Kiarabu na chakula halali vimeshazoeleka mjini. Kama una ndugu Muscat, huenda ameshapiga picha pale kando ya ziwa.

St. Anton lazima nitoe onyo. Sherehe yake ya baada ya skii ni maarufu kupita kiasi. Kwenye saa tisa na nusu alasiri watu wanaanza kucheza juu ya meza wakiwa na buti za skii, kwenye baa zilizo pembeni mwa njia, juu ya mji. Kisha inabidi washuke gizani, wamelewa. Ukienda peke yako, na hasa ukiwa mwanamke, pita saa hiyo ukiwa bado na mwanga, kunywa kimoja kama unapenda, shuka. Zell am See ni tulivu zaidi, na kwa vijana wengine tulivu kupita kiasi.

Mlima wenyewe

Watu wa kwetu watalielewa hili haraka. Kibanda cha Horombo kwenye njia ya Marangu kiko mita 3,720, na wapagazi wetu hukufikisha hapo siku ya pili, pole pole, wakikulazimisha kunywa maji. Gari la waya la Aiguille du Midi linakutoa Chamonix, mita 1,035, hadi 3,842 kwa kama dakika 20. Lile la Zermatt linakufikisha 3,883. Yaani unapita Horombo kabla chai haijapoa. Nilipoisikia 2019 hoja ya kuweka gari la waya Kilimanjaro na wapagazi wakipinga, nilikumbuka kichwa changu kilivyogonga siku ile Zermatt. Usipande huko siku ya kwanza, hasa kama umetoka Dar au Mombasa moja kwa moja. Mtu wa Nairobi ana nafuu, maana nyumbani kwake ni juu kuliko mji wa Zermatt wenyewe.

Zermatt kwa mtu wa kiwango cha kati ni raha tupu: njia ndefu, pana, Matterhorn ya mita 4,478 ikikuangalia kila kona, na treni ya Gornergrat inayopanda tangu 1898 kwa wale waliochoka lifti. Unaweza kuvuka kwenda Cervinia, Italia, kunywa kahawa na kurudi. Sharti ni kwamba urudi. Upepo ukiifunga lifti ya mwisho, njia iliyobaki ni teksi ya saa kadhaa kuzunguka milima, na teksi hiyo haina mwenzako wa kugawana nauli. Ukivuka, geuka saa nane, usingoje saa tisa.

Chamonix ni mlima wa wapanda milima, na skii imekuja baadaye. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika pale 1924, lakini chama cha waongozaji wake ni cha 1821, kilichozaliwa mwaka mmoja baada ya waongozaji watatu kufa kwenye maporomoko ya Mont Blanc. Maeneo yake ya skii yametawanyika bondeni na hayajaungana. Unayafikia kwa basi au kitreni, kila asubuhi unaamua upya. Njia nyingi za kurudi mjini kutoka maeneo ya Brévent na Flégère ni nyeusi na mara kwa mara hufungwa, kwa hiyo unashuka kwa lifti. Juu kabisa ya Grands Montets, eneo jingine la bonde hilo, stesheni ya lifti iliungua 2018. Sifa kubwa ya mji ni Vallée Blanche, mteremko wa kilomita 20 hivi kwenye barafuto, ule mto wa barafu wa mlimani, na uzuri wake kwa aliye peke yake ni kwamba unaweza kujiandikisha kwenye kundi la waongozaji bila kuleta watu wako. Ila Januari theluji huenda bado haijaziba nyufa. Mara nyingi hunoga kuanzia Februari.

St. Anton ndiko skii ya kisasa ya Alps ilikofundishwa. Klabu ya skii ya Arlberg ilianzishwa Januari 1901 kwenye hospitio ya St. Christoph, nyumba iliyojengwa 1386 na mchungaji wa mifugo aitwaye Heinrich Findelkind ili wasafiri wa miguu wasife kwa baridi kwenye kipito. Baadaye Hannes Schneider akaanzisha shule yake hapo, na mtindo wake ukaenea duniani. Ushauri wangu wa kweli: njia za buluu, zile rahisi, za St. Anton zingekuwa nyekundu mahali pengine. Zina vifundo vya theluji, zina barafu, jioni zina umati. Kama huu ni mwaka wako wa kwanza au wa pili, utalia. Na kilele cha Valluga, mita 2,811, huruhusiwi kukipanda na skii bila mwongozaji.

Anayeanza aende Zell am See. Schmittenhöhe ni mlima wa urefu wa wastani, mita 1,965, miteremko yake ya juu ni ya upole, na ziwa linaonekana chini. Mji uko mita 757 tu, kwa hiyo Januari ya joto huleta mvua badala ya theluji. Hapo ndipo unapopanda basi kwenda Kaprun na barafuto ya Kitzsteinhorn, mita 3,029, ambako theluji haikosekani. Kumbuka Austria na Uswisi hawana njia ya kijani, ile ya wanaoanza, kama Wafaransa: huanzia buluu.

Pasi ya siku Austria na Ufaransa ni euro 70 hadi 80 na ushee. Zermatt weka kichwani faranga 100.

Kuwa peke yako juu

Nje ya njia zilizopangwa usiende peke yako, hata hatua hamsini, hata kama kuna alama za waliopita. Kile kifaa cha kutuma mawimbi ambacho watu hufunga kifuani hakikusaidii kitu kama hakuna mwenzako juu ya theluji mwenye cha kwake, koleo na fimbo ya kuchokolea. Aliyefukiwa huwa na kama robo saa kabla matumaini hayajaporomoka, na helikopta haifiki kwa robo saa. Hatari ya maporomoko hutangazwa kila siku kwa namba 1 hadi 5, na watu wengi hufa siku ya namba 3, kwa sababu inaonekana ya kati. Januari ina hila yake: usiku wa baridi kali na anga tupu hugeuza tabaka la chini la theluji kuwa chembe kama sukari, na kila theluji mpya inayoanguka juu yake imekaa juu ya sukari hiyo.

Ndani ya njia, kitu cha kuogopa ni saa. Lifti zikifungwa doria hupita kuusafisha mlima, kisha hutoka mashine za kusawazisha theluji, nyingine zimefungwa kwa waya wa chuma mrefu unaokazwa juu ya njia. Gizani hauonekani, na umeshaua watu. Mwenye mwenzake akibaki nyuma atatafutwa naye; wewe wa peke yako huna wa kukutafuta.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo baridi itamaliza betri saa sita mchana. Namba ni 112 popote. Wokovu wa mlimani Austria ni 140, Uswisi helikopta ni 1414, ila Zermatt piga 144. Na kwa wenye nywele zilizosukwa: jaribu helmeti ya kukodi ukiwa na mtindo utakaokwenda nao, si kabla ya kusuka. Rafiki yangu mmoja alifumua rasta zote usiku wa kuamkia siku ya kwanza, machozi yakimtoka.

Nani aende wapi

Hujawahi kuvaa skii: Zell am See, na ujiandikishe darasa la kikundi linaloanza Jumapili au Jumatatu. Ufike siku moja kabla. Darasa la watu saba wanaoanguka pamoja hukupa marafiki haraka kuliko baa yoyote.

Unataka kuona kitu ambacho hutakisahau na pesa si tatizo, au hosteli si tatizo: Zermatt, siku nne. Wiki nzima peke yako pale, jioni zinaanza kuwa ndefu.

Unapanda milima, unapenda kukaa kwenye mji unaoishi, na hutaki kuulizwa maswali: Chamonix, lakini Februari au Machi, si Januari.

Una miaka mitatu minne ya skii miguuni na unataka kurudi nyumbani umekuwa bora: St. Anton, wiki ya pili ya Januari, Halbpension, darasa la kiwango chako.

Hilo la mwisho ndilo nimelilipia mwaka huu, nyumba ile ile ya supu iliyofunikwa. Nilipopiga simu kuhakikisha, yule mama hakuniuliza nakuja na nani. Aliuliza treni inafika saa ngapi, na kama bado sili nguruwe.